Uvimbe chini ya sikio: "Lakini hauumi, daktari"

Saratani ya tezi za mate ni nini?
Ni saratani ya tezi zinazotoa mate. Kubwa kuliko zote iko mbele ya sikio. Nyingine ziko chini ya taya na chini ya ulimi, na mdomoni mna ndogondogo kwa mamia.

Uvimbe wangu hauumi. Nije vilevile?
Njoo. Saratani hii mara nyingi huanza bila maumivu.

Wazee wasema ni perema.
Perema huja na homa, kutafuna huwa taabu, kisha huisha kwa wiki moja au mbili. Perema gani hii, tangu Ramadhani hadi Maulidi?

Nichanje, nitie dawa kwanza?
Hapana. Kombe, yale maji ya aya, kunywa, dua omba, simkatazi mtu. Wembe usiuguse uvimbe, wala usiuchue kwa mafuta. Neva ya uso yapita ndani ya tezi hiyo ya sikioni. Watu washuka mashuani kutoka Kizingitini, kisiwani Pate, mdomo umekwenda upande, jicho halifumbi, ndipo waniambia kilianza kama punje ya kunde. Kwa nini hukuja na kunde? "Hakikuuma."

Kila uvimbe ni saratani?
La. Mbele ya sikio, wengi si saratani. Chini ya ulimi, wengi ni saratani. Kwa kupapasa hujui, nami sijui. Sindano nyembamba huvuta chembechembe zikapimwa, na sindano hiyo haisambazi ugonjwa.

Tiba yake?
Upasuaji kwanza. Ikiwa ni kali au imegusa neva, hufuata mionzi, wiki sita hivi. Meno yaangaliwe kabla, maana mionzi hukausha mate na meno huoza. Dawa za kemo, za kuua chembe za saratani, hutumika zaidi ikishasambaa. Mionzi haipo hapa kisiwani Lamu: ni kuvuka hadi Mokowe, bara, na kupanda basi. Gharama naijua.

Nitapona?
Ikiwa bado imo ndani ya tezi, takriban 9 kati ya 10 huwa hai baada ya miaka 5. Ikishafika mapafuni, matumaini hupungua sana. Iko aina iendayo polepole ambayo huweza kurudi baada ya miaka 10 au zaidi. Ukiambiwa rudi kliniki, rudi, hata kama umenenepa.

Mume wangu yuko baharini. Nimngoje?
Usimngoje. Mpigie simu, kisha njoo na dada yako kesho asubuhi.

Hata kama hauumi?
Hata kama hauumi.