Je, wajua kwa nini picha nyeusi na nyeupe hutoka na ukijani kwenye printa?

Mama mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, alituletea picha ya marehemu baba yake, amevaa kofia ya kazi, enzi za Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa ukoloni. Picha ndogo, kingo zimeliwa, lakini uso bado upo. Alitaka kubwa ya kutundika sebuleni ili wajukuu wamjue babu yao. Tukaiskani, tukaichapa. Akaichukua, akaisogeza mlangoni penye mwanga, akauliza: "Papa, juu ya nini mzee anakuwa kijani?"

Kweli, shavu la mzee lilikuwa na rangi ya malakiti, lile jiwe la shaba linalochongwa na kuuzwa hapa Lubumbashi. Na kwenye kompyuta picha ile haikuwa na rangi hata chembe.

Wengi hulaumu wino wa bei rahisi. Wino una sehemu yake, ila chanzo hasa ni kwamba printa nyingi hazina wino wa kijivu kabisa. Printa ya kawaida ina sayani (buluu ya kijani), majenta (waridi iliyokolea), njano na nyeusi. Ukiitaka ichape kijivu, huchanganya hizo tatu za kwanza na kuongeza nyeusi kidogo. Ni kama sufuria juu ya mafiga matatu: figa moja likizama kidogo tu, sufuria inaegemea. Ukibadilisha karatasi, ukijaza wino wa kampuni nyingine, au tundu moja la majenta likiziba, mizani imeharibika. Majenta ikipungua, ukijani unajitokeza. Kwenye picha ya rangi hakuna atakayeona. Shati la buluu likizidi ubuluu kidogo, nani atalalamika? Kijivu hakina pa kujificha. Jicho hukamata hata tofauti ndogo kabisa.

Kuna jambo lingine linalowachanganya watu. Mchanganyiko wa wino za rangi unaweza kuonekana safi chini ya taa ya dukani, kisha nje juani ukageuka. Karatasi haijabadilika, ni mwanga uliobadilika, na kila wino huurudisha kwa namna yake. Ndiyo maana yule mama alifanya vizuri kwenda mlangoni.

Basi si tuchape kwa wino mweusi peke yake? Tulijaribu. Ukijani uliondoka, lakini printa haiwezi kupuliza weusi hafifu. Inachoweza ni kutawanya matone meusi, moja mbali na jingine. Kwenye koti jeusi haionekani. Kwenye paji la uso linalong'aa, matone yakawa kama vumbi la mkaa juu ya bukari, yaani ugali. Picha ya zamani iliyosafishwa chumba cha giza haikuwa na shida hiyo, kwa sababu kijivu chake ni chembe za fedha ndogo mno, nyingi au chache kulingana na mwanga uliozipiga.

Dawa yake imejulikana zamani: kuiwekea printa wino mweusi uliozimuliwa. Mwaka 2005 Epson walitoa wino wa UltraChrome K3 wenye weusi wa ngazi tatu: mzito, hafifu na hafifu zaidi. Canon nao, kwenye PRO-1000 yenye matangi 12, wameweka kijivu cha aina mbili. Mashine za namna hii zina pia mpangilio maalumu wa nyeusi na nyeupe, ambamo kijivu hubeba kazi karibu yote na rangi huongezwa kidogo tu kurekebisha.

Kwa hiyo ukienda kununua, usihesabu rangi. Uliza ni zipi. Hapa ndipo wengi hunaswa. Epson L805 na L1800 zina rangi sita, na muuzaji atakuambia sita ni bora kuliko nne. Mbili zilizoongezwa ni sayani hafifu na majenta hafifu. Zinapendezesha ngozi kwenye picha za harusi, lakini kijivu hamna. Epson L8180 ina kijivu chake, inajazwa kwa chupa, na inachapa hadi ukubwa wa A3+, yaani kubwa kidogo kuliko A3. Kwa studio ndogo ya hapa, mimi ningechukua hiyo.

Sifichi udhaifu wake: wino wake wa picha ni rangi iliyoyeyushwa, nayo hupauka upesi ikikaa mkabala na dirisha. Picha ya maonyesho, au ya kurithisha, inataka wino wa chembe, yaani pigimenti, kama wa Epson P700 au Canon PRO-300. Sammy Baloji, msanii wa picha mzaliwa wa Lubumbashi, aliwaweka wafanyakazi wa migodi wa picha za zamani, nyeusi na nyeupe, mbele ya magofu ya viwanda yenye rangi. Kijivu kikiegemea ukijani hapo, kazi yote imeharibika. Ila katriji ya P700 ina mililita 25 tu, na zinahitajika kumi. Kabla ya kuinunua, hakikisha una njia ya kupata wino mwaka mzima.

Kabla ya kulipa, chukua picha yako yenye uso na anga, na karatasi utakayotumia. Ichape pale pale, iache ikauke hadi kesho, kisha itazame chini ya taa na nje.

Umeme nao uufikirie. Ukizima printa kwa kitufe, kichwa cha wino hurudi mahali pake na kufunikwa. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kichwa hubaki wazi, na kiangazi cha hapa, na vumbi lake jekundu, hakichelewi kukikausha. Nunua betri ya akiba kabla ya kununua karatasi ya bei kali, na kila wiki chapa ukurasa mmoja hata kama hakuna mteja.

Picha ya mzee tuliichapa upya kwa mwenzetu mwenye mashine yenye wino wa kijivu. Mama akaisogeza tena mlangoni. Akaitazama muda mrefu, kisha akaomba ya pili, ya kumpelekea dada yake Likasi.