Zhao Xintong hakubahatisha: dhana potofu kuhusu ubingwa wa dunia wa snuka

Tangu Mchina Zhao Xintong atwae ubingwa wa dunia wa snuka (mchezo wa meza na fimbo unaofanana na pool) pale Sheffield, Uingereza, Mei 2025, wanafunzi wangu hawachoki kuniambia: "Mwalimu, yule alikuwa mchezaji wa ridhaa tu, alibahatisha." Nimewajibu mmoja mmoja mpaka basi. Sasa naandika, atakayekuja tena na maneno hayo nimpe hii asome.

Ridhaa kwa Zhao ilikuwa suala la kadi, wala haikuhusu kiwango. Ukiwa na kadi ya mzunguko wa kulipwa unahesabiwa mchezaji wa kulipwa, usipokuwa nayo unaandikwa wa ridhaa hata ukiwa unacheza kuliko nusu ya wenye kadi. Zhao alikuwa nayo zamani. Mwaka 2021 alichukua ubingwa wa Uingereza kwa kumfunga Luca Brecel 10-5 kwenye fainali, na mwaka 2022 akashinda German Masters kwa 9-0. Kisha akafungiwa miezi 20 katika kashfa ya kupanga matokeo ya wachezaji kadhaa wa China. Mechi zake mwenyewe hakuzipanga, lakini alikiri kuhusika na za mwenzake na kucheza kamari, kwa hiyo adhabu aliistahili. Ilipokwisha Septemba 2024 akaanzia chini, kwenye mashindano ya wasio na kadi, na huko akawa anawafagia. Huyo ndiye "wa ridhaa" mnayemsema.

Na hiyo bahati ingekaa wapi? Wachezaji 16 wa juu huingia moja kwa moja ukumbi wa Crucible, ndiko ubingwa wa dunia unakochezewa. Zhao alipita mlango wa mchujo: mechi nne, kila moja mshindi ni wa kwanza kufikisha fremu 10 (fremu ni duru moja, kisha mipira inapangwa upya). Baada ya hapo akamtoa Jak Jones, aliyecheza fainali ya mwaka uliotangulia, kwa 10-4. Akamtoa Lei Peifan 13-10, yuleyule aliyemng'oa bingwa mtetezi Kyren Wilson. Chris Wakelin 13-5. Ronnie O'Sullivan, bingwa mara saba, 17-7. Fainali, Mark Williams, 18-12. Jumlisheni: ndani ya Crucible peke yake alishinda fremu 71 na kupoteza 38, na ukiweka mchujo alihitaji kushinda fremu 111 ili abebe kombe. Kwenye pool ya mtaani, fremu moja tu, mpira ukigonga kona vibaya ukaingia, bahati inaweza kukupa ushindi. Kwenye fremu 111 bahati hukupa na kukunyang'anya mpaka hesabu inalingana, kinachobaki ni uwezo.

Nawasihi kila siku: msisome matokeo ya mwisho tu, someni vipindi, maana mechi ndefu hugawanywa kwa vipindi. Nusu fainali ile na O'Sullivan, kipindi cha kwanza kiliisha 4-4. Kipindi cha pili Zhao alichukua fremu zote nane, ikawa 12-4, na kipindi cha nne hakikuhitajika kabisa. Mkirudia picha zake, msitazame mpira unaoingia shimoni. Tazameni mweupe, ule unaogongwa kwa fimbo, unaposimama baada ya pigo. Anapiga mwekundu, mweupe unatulia pembeni mwa mweusi, wenye pointi nyingi kuliko yote, kwa pembe inayomrudisha kwenye wekundu bila kulazimisha. Hapo ndipo ushindi unapopatikana, na ndipo wanafunzi wangu wengi hawataki kufanya mazoezi kwa sababu hakupigiwi makofi.

Kuna wanaosema anayetangulia sana ameshashinda. Hapana. Mwaka 2023 Brecel alikuwa nyuma 14-5 mbele ya Si Jiahui kwenye nusu fainali, akashinda 17-15, kisha akawa bingwa. Mwaka 1985 Dennis Taylor alianza fainali kwa kufungwa 8-0 na Steve Davis, na hakuwahi kuongoza hata mara moja mpaka mweusi wa mwisho wa fremu ya 35 ulipoingia, saa sita ya usiku imeshapita. Hata Williams, akiwa 17-8 nyuma ya Zhao, alichukua fremu nne mfululizo kabla ya kuzimwa.

Wengine wanasema aliyepiga 147, yaani pointi zote za meza kwa zamu moja bila kukosa, ndiye mshindi. 147 ni fremu moja, basi. Mark Selby aliipiga kwenye fainali ya 2023, ya kwanza katika historia ya fainali za Crucible, na akafungwa 18-15. Wala si kikomo. Adui akifanya faulo ukapewa mpira huru (ruhusa ya kuhesabu mpira wa rangi nyingine kama mwekundu) wekundu wote wakiwa mezani, unaweza kuvuka 147. Jamie Burnett alipiga 148 mwaka 2004.

Na hili la umri, kwamba snuka ni ya vijana tu, linaniudhi kwa sababu linawafukuza watu mezani. O'Sullivan alitwaa taji la saba mwaka 2022 akiwa na miaka 46. Williams alifika fainali ya 2025 akiwa na miaka 50, baada ya kumtoa Judd Trump 17-14, huku akisema waziwazi kwamba macho yake yamedhoofu na anafikiria upasuaji wa lenzi. Mwenye miaka 40 anayeniuliza kama amechelewa, namwambia akapime macho kwanza, kisha aje tuanze na pigo la mweupe peke yake, mezani pasipo na mpira mwingine.