Kabla ya taa kuwashwa, dawa iko wapi mwilini?

Wengi wakisikia kuwa saratani inatibiwa kwa mwanga, hudhani dawa inaufuata uvimbe peke yake. Sivyo. Photofrin, mojawapo ya dawa hizi zinazoamshwa na mwanga, hudungwa mshipani, miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito, na ini na bandama hupata nyingi kuliko uvimbe wenyewe. Tunachotegemea ni kasi ya kuondoka. Tishu nyingi huiondoa ndani ya saa 40 hadi 72, ila uvimbe hubaki nayo: mishipa yake inavuja, limfu (majimaji ya tishu) haitoki vizuri, na seli zake humeza kwa wingi chembe za LDL, zile zinazobeba kolesteroli katika damu, ambazo dawa hujishikiza kwazo. Ndiyo maana taa nyekundu ya nanomita 630 huwashwa saa 40 hadi 50 baada ya sindano. Temoporfini, dawa nyingine ya aina hii, husubiriwa siku 4.

Padeliporfini, dawa ya saratani ya tezi dume, ni kinyume kabisa. Haitoki ndani ya mishipa, kwa hiyo mgonjwa humulikwa papo hapo, akiwa bado kwenye meza ya matibabu. Mishipa huziba na uvimbe hukosa damu.

Ukikitazama kipande cha uvimbe kwa hadubini ya mwanga wa buluu, utaona wekundu wa dawa umekolea kandokando ya mishipa, kisha unafifia. Seli zilizo mbali hukosa dawa, na hukosa pia oksijeni, ambayo bila yake mwanga hauui kitu. Taa kali mno huimaliza oksijeni kabla damu haijaleta nyingine. Mimi naona ni heri kumulika polepole, au kwa vipindi.

Ngozi nayo hubaki na dawa, na hapa ndipo wagonjwa wanaumia bure. Baada ya Photofrin, jua na taa kali viepukwe kwa siku 30 au zaidi. Losheni ya jua haisaidii, maana huzuia urujuanimno, miale isiyoonekana, na dawa hii huamshwa na mwanga unaoonekana. Lakini tafadhali msimfungie mgonjwa gizani! Mwanga wa kawaida wa ndani huivunja dawa iliyobaki kidogo kidogo. Kwa aliyepewa temoporfini, kipima oksijeni cha kidoleni kihamishwe kila dakika 10 hadi 15, la sivyo mwanga wake utamuunguza. Dawa hiyo ikivuja nje ya mshipa wakati wa kudunga, sehemu hiyo ya mkono ifichwe mwanga kwa miezi 3 angalau.