Reli ndogo ya karne ya 19: maana yake na namna inavyojengwa

Miongoni mwa watu wazima wanaojenga treni ndogo, kuna kundi lenye masharti makali kuliko wenzao: wale wa karne ya 19. Mtu anatengeneza juu ya ubao kipande cha nchi, chenye vilima, mto, stesheni, maduka na watu, na treni inayoendeshwa kwa umeme inapita humo. Kila kinachoonekana, kuanzia kofia ya mkuu wa stesheni hadi kimo cha reli yenyewe, lazima kiwe kilikuwepo mahali pale katika mwaka aliouchagua. Kichwa cha treni cha kizamani kinachopita kwenye mji wenye barabara ya lami na nguzo za umeme hakihesabiki, hata kiwe kizuri namna gani.

Kazi huanzia kwenye mwaka. Ukisema "karne ya 19" na kuishia hapo, bado hujachagua kitu, maana reli ya 1835 na ya 1895 ni dunia mbili. Nitachukua mifano kutoka Marekani, kwa kuwa huko mambo haya yameandikwa na kupigwa picha kwa wingi. Mwaka 1851 Charles Minot wa reli ya Erie alituma kwa telegrafu amri ya kuelekeza treni, jambo ambalo halikuwa limefanyika kabla. Ukijenga mwaka 1845, amri za telegrafu hazina nafasi kwenye stesheni yako. Hadi tarehe 18 Novemba 1883 miji ilifuata saa za jua la kwao. Siku hiyo kampuni za reli zilianza kutumia kanda za saa za pamoja. Anayependa kuendesha treni zake kwa ratiba kamili ataona tofauti hiyo ukutani, kwenye saa ya stesheni.

Mabehewa nayo yana tarehe zake. Eli Janney alipata hataza ya kiungio kinachojifunga chenyewe mwaka 1873, lakini ilibidi sheria ya 1893 iwalazimishe wenye reli kuacha mtindo wa zamani wa pete na pini. Katika mtindo huo mfanyakazi alisimama kati ya mabehewa mawili yanayokaribiana, akaelekeza pete kwa mkono, na wengi walipoteza vidole hivyo. Breki ya hewa ya George Westinghouse ni ya 1869. Hata hivyo, treni za mizigo ziliendelea kwa miaka mingi kusimamishwa na watu waliokimbia juu ya mapaa wakizungusha breki za mkono, behewa moja baada ya jingine. Ndiyo sababu treni ya mizigo ya 1875 isiyo na sanamu hata moja ya mtu juu ya paa huonekana pungufu.

Hapa wajenzi wengi huvunja sheria yao wenyewe. Pete na pini katika ukubwa wa punje ya mchele ni mateso matupu, kwa hiyo wanaweka viungio vya kujifunga na kunyamaza. Mimi siwalaumu. Treni isiyoweza kuunganishwa na kuachanishwa bila kibanio na miwani itabaki pambo la kabatini.

Mfano unaofundisha kuliko yote ni ule wa Promontory, Utah, tarehe 10 Mei 1869, reli ya Central Pacific kutoka magharibi ilipokutana na ya Union Pacific kutoka mashariki. Vichwa viwili vilitazamana: Jupiter na namba 119. Vyote ni vya aina moja, iliyotawala reli za Marekani enzi hizo, yenye magurudumu manne madogo mbele na manne makubwa ya kusukuma. Lakini tazama madohani. La Jupiter limetanuka juu kwa sababu kichwa hicho kilichoma kuni, na ndani yake mlikuwa na kizuizi cha cheche zisiwashe nyasi na mapaa. La 119 limenyooka, kwa sababu kilichoma makaa ya mawe. Central Pacific ilipita kwenye misitu ya Sierra Nevada. Union Pacific ilikuwa na makaa huko Wyoming. Dohani peke yake inakueleza nchi ambayo treni inatoka, na inakuambia pia uweke nini kando ya njia: rundo la kuni zilizokatwa sawasawa, au lundo la makaa.

Kuni hizo zilitoka mahali. Ukijenga Nevada ya miaka ya 1870, tuseme reli ya Virginia & Truckee iliyohudumia machimbo ya fedha ya Virginia City, usipande msitu mnene wa kuvutia. Miti ya milima ya karibu, hadi pande za Ziwa Tahoe, ilikatwa kwa nguzo za migodi na kwa kuni. Visiki vingi, vumbi, na mteremko mtupu ndiyo mandhari ya kweli. Wanaoanza huona ubao wao umekuwa mbaya. Lakini nchi yenyewe ilikuwa hivyo.

Rangi ni mtego mwingine. Picha za wakati ule zilipigwa kwenye vioo vilivyopakwa kemikali iliyoitikia zaidi mwanga wa buluu. Nyekundu ikatoka nyeusi, na anga la buluu likatoka jeupe. Mtu anaangalia picha ya 1865, anaona kichwa cheusi, anakipaka kipya chake rangi nyeusi. Kumbe vichwa vya miaka ya 1850 na 1860 vilikuwa na magurudumu mekundu, miili ya kijani au rangi ya divai, shaba iliyong'arishwa na michoro ya dhahabu, kama dau lililopambwa kwa sherehe. Weusi ulienea baadaye, hasa miaka ya 1880, makaa na masizi yake yaliposhika na kampuni zikachoka kulipa wang'arishaji.

Ukubwa wa mfano huitwa skeli. Iliyoenea kuliko zote huitwa HO, ambayo ni 1 kwa 87: mtu wa sentimita 174 anakuwa na sentimita 2, na reli za upana wa kawaida, milimita 1,435, zinakuwa na milimita 16.5. Umbali ndio unaoleta ugomvi. Kilomita moja katika skeli hiyo ni zaidi ya mita 11, yaani inavuka sebule nyingi. Kwa hiyo mjenzi anafupisha: anaacha mashamba, anabakiza stesheni, daraja la miti na mgodi, na kilima kinaficha upande ambao treni inageukia. Karne ya 19 inasaidia hapa, kwani treni zake zilikuwa fupi. Behewa la mizigo la mita 10 linakuwa sentimita 11 au 12, na linapita bila aibu kwenye kona yenye nusu kipenyo cha sentimita 46. Behewa la abiria la kisasa kwenye kona hiyo hiyo hutokeza nje vibaya.

Reli za dukani, kwa upande mwingine, ni nene mno. Zile za kawaida zina kimo cha milimita 2.5. Zidisha mara 87 upate sentimita 22, kimo kisichopatikana hata kwenye reli nzito za leo. Kwa njia nyepesi ya 1870 tafuta reli ya milimita 1.4 au pungufu, mataruma yasiyolingana, na udongo badala ya kokoto nyingi. Kuhusu upana, usijisumbue kupita kiasi. Reli za majimbo ya kusini zilikuwa na upana wa milimita 1,524 hadi zilipobanwa kwa pamoja ndani ya siku mbili, mwishoni mwa Mei 1886. Katika HO tofauti kati ya upana huo na wa kawaida ni kama milimita moja. Hakuna mgeni atakayeiona.

Kinachowavunja moyo watu ni umeme. Vichwa vya zama hizo ni vyepesi, vina magurudumu machache, na boila yake ni nyembamba kiasi kwamba mota mara nyingi hujificha kwenye behewa la kuni linalofuata nyuma yake. Vumbi kidogo tu juu ya reli, kinazimika katikati ya daraja. Dawa yake ni kuchukua umeme kwenye magurudumu yote, pamoja na ya behewa la kuni, kuongeza uzito wa madini ya risasi ndani ya boila, na kuweka kapasita, kifaa kidogo kinachoshika chaji kwa sekunde chache.

Afrika Mashariki nayo ina karne yake ya 19 ya reli, fupi lakini ipo. Sultani Barghash wa Zanzibar, aliyefariki 1888, alikuwa na njia ndogo kutoka mjini Unguja kwenda Chukwani. Wajerumani walianza kujenga kutoka Tanga mwaka 1893, na Waingereza kutoka Mombasa mwaka 1896. Njia ya Mombasa ilifika Nairobi 1899, ila Ziwa Viktoria ilikuwa 1901, kwa hiyo Kisumu inabaki nje ya ubao wako. Upana wa njia hizi mbili ni mita moja, na katika skeli ya 1 kwa 87 hutumika reli za milimita 12. Nairobi ya 1899 ni mahema, mabanda ya mabati na kinamasi, kazi inayotosha ubao wa mita mbili. Kwa vipimo vya behewa, nenda Makumbusho ya Reli Nairobi: lipo lile ambalo Charles Ryall, ofisa wa polisi wa reli, alinyakuliwa na simba pale Kima mwezi Juni 1900. Omba ruhusa, lipime kwa futikamba, kisha gawanya kwa 87.