Dhana potofu kuhusu websaiti ya hakathoni, na yanayotokea kweli ukumbini

Kila msimu wa hakathoni (mashindano ya siku chache ambapo timu zinajenga programu) ukikaribia napigiwa simu na mtu anataka websaiti kali, ukimuuliza kali vipi anakutajia animesheni, picha za droni na ile saa kubwa inayohesabu siku zilizobaki. Mi nimeshiriki kujenga na kuendesha majukwaa ya hakathoni kadhaa hapa Dar na kuna kitu kimenikaa moyoni, kijana anakesha siku mbili, analala kwenye kiti, afu dakika ya mwisho kazi yake inapotea kwa sababu ya fomu ambayo sisi waandaaji tuliitengeneza juu juu. Hilo linaniuma kuliko websaiti yenye sura mbaya. Kwahiyo naziandika hapa dhana ninazokutana nazo mara kwa mara na ukweli ulivyo.

Dhana: websaiti ya hakathoni ni tangazo.

Ukweli: tangazo ni ukurasa mmoja wa mbele tu, kazi yenyewe iko nyuma yake. Kuna usajili, kuchuja maombi, kuthibitisha, kupokea watu mlangoni, kuunda timu, kuwasilisha mradi, na majaji. Angalia HackMIT, hakathoni ya wanafunzi wa chuo cha MIT kule Marekani inayokusanya watu kama elfu moja ukumbini, wale vijana walijiandikia mfumo wao wa usajili wakauita Quill na mfumo wa majaji wakauita Gavel, na yote miwili wakaiweka wazi mtu yeyote achukue bure. Ukisoma walichokiandika unaona walipoteza usingizi kwenye mambo ya nyuma. Kama una wiki sita na madeveloper wawili, ukurasa wa mbele upe siku nne, basi.

Dhana: aliyejisajili atakuja.

Ukweli: hakathoni ya bure, wengi wanaojaza fomu hawatokei, na sio roho mbaya, mtu ana mtihani, mwingine hana nauli. Kwahiyo kwenye databesi yako mtu asiwe na hali mbili tu za amejisajili na hajajisajili. Weka ameomba, amekubaliwa, amethibitisha, yupo orodha ya kusubiri, amefika. Asiyethibitisha mpaka tarehe uliyoweka nafasi yake inaenda kwa anayesubiri, yenyewe, bila mtu kukaa na Excel usiku.

Na hapo hapo kuna suala la imeili. Watu wanadhani ukishabonyeza tuma imefika. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wamebana watumaji wa wingi, ukituma imeili 5,000 kwa siku kwenda Gmail lazima domeni yako (lile jina la anwani ya websaiti na imeili) iwe na SPF, DKIM na DMARC, yaani rekodi zinazothibitisha kwamba imeili kweli imetoka kwako, na hata ukituma chache domeni mpya iliyosajiliwa wiki iliyopita inaishia kwenye spamu kirahisi sana. Kijana amekubaliwa na hajui! Weka hali yake ionekane akiingia kwenye akaunti, na ujumbe wa kukubaliwa mtumie na SMS pia.

Dhana: ukumbini kuna waifai, intaneti sio tatizo.

Hii imewahi kututesa. Tulikuwa tumeweka ulinzi kwenye seva kwamba anwani moja ya IP (namba inayotambulisha muunganisho wa intaneti) isigonge zaidi ya mara 100 kwa dakika, ulinzi wa kawaida kabisa dhidi ya roboti. Tulichosahau ni kwamba ukumbi mzima unatoka nje kupitia ruta moja, kwahiyo watu mia tatu na kitu seva inawaona kama mtu mmoja, tena mtu mmoja anayegonga kama kichaa, ikawafungia wote. Tulichukua karibu nusu saa kugundua kwa sababu sisi wenyewe tulikuwa tunatumia bando za simu na kwetu ilifunguka vizuri tu. Kizuizi kiwekwe kwa akaunti, sio kwa IP. Na ugonjwa huo unakuja hata upande wa pili, kama jukwaa lako linaiuliza GitHub (mtandao ambao watu wanahifadhi kodi) habari za repo, yaani hifadhi ya kodi ya mradi, bila kujitambulisha unapewa maswali 60 kwa saa kwa IP moja, ukijitambulisha kwa tokeni (ufunguo wa siri wa akaunti) unapata 5,000.

Mlangoni nako usitegemee mtandao. Kifaa cha kuskani QR kiwe na orodha yote ndani, kiskani hata mtandao ukikata, kitume baadae ukirudi. Na mwenye simu iliyozima chaji atafutwe kwa jina, aingie.

Dhana: dedilaini inaeleweka, andika tu saa.

Ukweli: sisi waswahili tuna namna mbili za kusoma saa! Ukiandika "mwisho Jumamosi saa 6 usiku" kuna atakayeelewa usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi, kuna atakayeelewa Jumamosi kuamkia Jumapili, na kuna anayeangalia simu yake imeandika 6:00 akajua ndio hiyo. Na hakathoni ikiwa ya mtandaoni ya Afrika Mashariki nzima kumbuka Dar, Nairobi na Kampala ni UTC+3 (masaa matatu mbele ya UTC, saa ya kimataifa) ila Kigali, Bujumbura na Goma ni UTC+2, wako nyuma yetu saa nzima. Kwenye seva hifadhi UTC, kwenye skrini muoneshe kila mtu kwa saa za kwake, na uandike "Jumapili saa 4 asubuhi, kwenye simu ni 10:00". Hiyo saa ya kuhesabu kurudi nyuma hapa sasa ndo ina kazi, ila isome muda wa seva, sio wa laptopu ya mshiriki ambayo inaweza kuwa imekosewa.

Kuwasilisha kwenyewe, watu wote wanakuja dakika za mwisho. Usiruhusu wapakie video za mega 200 kwenye seva yako muda huo, chukua linki tu. Fomu ijihifadhi yenyewe kila baada ya sekunde chache, timu ifungue rasimu tangu siku ya kwanza na ibadilishe mpaka mwisho, dedilaini ikigonga kilichopo ndo kimewasilishwa. Hakuna kubonyeza kitufe cha mwisho kwa mikono inayotetemeka.

Dhana: majaji watoe maksi 1 mpaka 10, piga wastani, mshindi huyo.

Hapa ndo naomba watu wasome taratibu. Jaji mmoja anampa kila mtu 8 au 9, mwingine mkali hajawahi kuvuka 6. Timu iliyoangukia kwa mkali imeshindwa kabla haijafungua mdomo. Hesabu yenyewe pia ni nzito, miradi 200, kila mmoja uonwe na majaji 3, dakika 5 za demo na 2 za kutembea, ni dakika 4,200. Ukiwa na masaa mawili tu unahitaji majaji 35. Waandaaji wengi wanaita 8.

Gavel imeikwepa shida ya maksi kwa njia nyepesi sana, jaji akitoka meza ya kwanza akifika ya pili anaulizwa swali moja tu, hii na ile uliyotoka kuiona ipi bora? Mkali na mpole wote wanaweza kujibu hilo. Mfumo unaunganisha majibu yote kwa takwimu kupata mpangilio, na wenyewe unaamua jaji aende meza gani inayofuata. Mi naipenda ila sio dawa ya kila kitu, zawadi za wadhamini zenye vigezo vyake zinahitaji utaratibu wa pembeni, na timu inayotaka maoni haitayapata kwenye "ipi bora", kwahiyo ongeza kisanduku cha maoni.

Dhana: kusanya taarifa zote, zitakuja kufaa.

Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ya nini kwenye hakathoni? Chukua jina, mawasiliano, saizi ya tisheti, chakula asichokula, na nani apigiwe akiugua.

Dhana: hakathoni ikiisha, zima seva.

Yule kijana ameweka linki ya mradi wake kwenye CV. Mwajiri akibonyeza miezi minne baadae anakuta ukurasa hauna kitu. Futa taarifa binafsi, hizo ndio za kuondoa, ila kurasa za miradi zigeuze HTML tupu, yaani faili za kawaida za ukurasa zisizohitaji databesi, anwani zibaki zile zile, na ada ya domeni ilipie miaka mitatu mbele wakati hela ya mdhamini bado ipo.