Mtoto Asiyesema na Simu Mkononi: Fahamu Haya Kabla ya Kuja Kliniki

Katika kliniki yetu ya usemi na lugha hapa Kisumu, swali moja limekuwa la kila siku: "Daktari, ana miaka miwili na nusu, mbona hasemi?" Wengi huuliza huku mtoto amekodolea simu macho.

Hivi majuzi tulimpokea mvulana wa umri huo. Alitaja rangi kwa Kiingereza, akahesabu hadi kumi, mamake akatabasamu. Kisha akashikwa na kiu. Hakusema "maji", wala "pi" kwa Kijaluo. Aliuvuta mkono wa mama hadi kwenye chupa.

Hatuwezi kusema simu ndiyo chanzo kila mara. Huenda mtoto hasikii vizuri, au ana usonji (hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano), na ndiyo maana hatumpimi mtu kupitia WhatsApp. Lakini lugha hukua kwa kujibizana. Mwaka 2003 mtafiti Patricia Kuhl na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba watoto wa miezi 9 walijifunza sauti za Kichina kutoka kwa mtu aliyeketi nao. Waliozipata kwenye runinga hawakuambulia kitu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 haupendekezi skrini kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka 2. Wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku. Kuzungumza kwa video na baba aliye Nairobi ni jambo jingine: baba hujibu.

Na jamani, Kijaluo, Kiluhya na Kiswahili kwa pamoja havimchanganyi mtoto. Tumelieleza hili mara ngapi? Wala msikimbilie kumkata mtoto chini ya ulimi ili aseme.

Mtoto ambaye hana neno hata moja akifika miezi 18, au hajaunganisha mawili ("mama njoo") akifika miaka 2, asisubiri chekechea. Anzia kliniki unakomchanjia. Beba Kijitabu cha Afya ya Mama na Mtoto chenyewe, si picha yake kwenye simu, kwa kuwa muuguzi huandika humo. Atakupa barua ya rufaa. Hakikisha ina muhuri, la sivyo utarudishwa. Masikio hupimwa kwanza, na sikio linalotoa usaha hutibiwa kabla ya kipimo, maana majibu hayatakuwa ya kweli. Mtoto awe ameandikishwa SHA, bima ya afya ya serikali, chini ya mzazi. Ukikosa miadi mara mbili bila kutuarifu, jina huondolewa na utaanza upya kwa muuguzi. Aje na anayeshinda naye, awe nyanya au yaya, kwani huyo ndiye tutakayemfundisha. Hatumkaripii mtu wala hatumnyang'anyi simu.

Msingoje miadi ndipo muanze. Unapoosha omena au kuchambua mboga, mwambie unachofanya, kisha nyamaza, umtazame usoni, umngoje. Akisema "ma" akinyoosha kidole kwenye beseni, mrudishie: "Ndiyo, maji! Maji baridi."