Bei ya masafa ya redio: yanayosemwa na yalivyo

Bando likipanda bei, vijiwe vingi vya Dar es Salaam vina jibu moja: kampuni za simu zimelipishwa mno kwa masafa, yaani nafasi za mawimbi ya redio yanayobeba simu na matangazo, na mzigo tunautua sisi. Dhana hii imeota mizizi kuliko zote, kwa hiyo naanza nayo.

Oktoba 2022 TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ilinadi masafa ya 700, 2300, 2600 na 3500 MHz (megahezi, kipimo cha mawimbi), na mnada ukaingiza takribani dola milioni 187. Pesa ya namna hiyo hulipwa kupata leseni, watu wapige simu wasipige. Ikishatoka, imetoka. Mfanyabiashara wa Kariakoo aliyetoa kilemba kikubwa apate fremu hawezi kuuza khanga ghali kuliko jirani yake. Wateja watahamia kwa jirani. Na kama soko lingekubali bei ya juu, angeitoza hata fremu angepewa bure. Bando hushushwa na ushindani. Finland iligawa leseni za 3G bure mwaka 1999, Uingereza ikakusanya pauni bilioni 22.5 kwa leseni tano mwaka 2000. Waingereza walianza kuuziwa huduma hiyo 2003, Wafini 2004: leseni za bure hazikuwawahisha.

Bei ikizidi, hata hivyo, madhara huja kwa mlango mwingine. Kampuni iliyolemewa na madeni hujenga minara michache, au masafa hukosa mnunuzi kabisa. Oktoba 2016 India iliweka bei ya kuanzia ya 700 MHz juu mno, hakuna aliyejitokeza. Na masafa yaliyolala mwaka huu hayawekwi akiba ya mwaka ujao. Hiyo ni hasara tupu.

Dhana ya pili: lengo la bei ni kujaza hazina. Mapato yapo, ila kazi kubwa ya bei ni kugawa. FM ina nafasi kati ya 87.5 na 108 MHz tu, na vituo vya jiji moja lazima viachane visiingiliane. Waombaji wakizidi nafasi, pasipo bei huamua afisa, na aliyewahi zamani harudishi kitu. Mwanauchumi Ronald Coase alilieleza hilo mwaka 1959. Alipofika mbele ya tume ya mawasiliano ya Marekani kupendekeza masafa yauzwe, aliulizwa kama anawatania. Wamarekani walifanya mnada wao wa kwanza wa masafa Julai 1994.

Chukua kampuni ya ulinzi jijini yenye chaneli sita za redio koli, inayotumia mbili. Ada ikiwa ileile kwa sita au mbili, zote zitabaki kwake. Ikihesabiwa kwa upana wa masafa, ukubwa wa eneo na wingi wa wanaoyahitaji, mhasibu atauliza maswali na nne zitarudi. Kwa hesabu hiyohiyo, masafa ya Dar yanastahili kuwa ghali, na yaleyale katika wilaya ambako hakuna anayeyagombea yawe karibu na bure. Kutoza sawa kila mahali naona ni kuwaonea wa pembezoni na kuwabeba wanaohodhi mjini.

Wengine hudhani bei maana yake ni mnada. Hapana, ada ya kila mwaka ni bei pia, na kwa watumiaji wengi wadogo ndiyo inayofaa. Mnada wenyewe unataka kanuni nzuri, la sivyo masafa huenda kwa bei ya kutupa: New Zealand, miaka ya mwanzo ya 1990, mshindi alilipa dau la aliyemfuata, bila kiwango cha chini. Mmoja aliahidi dola 100,000 za nchi hiyo, akalipa 6.

Wala si kila wimbi linalipiwa. Wi-Fi ya nyumbani hutumia 2.4 GHz bila leseni ya mtu binafsi, na chaneli 16 ya VHF, ambayo meli bandarini huitumia kuomba msaada, haipaswi kuguswa na soko lolote.

Mwisho, kuna wanaosema taasisi za serikali zisamehewe kwa sababu zinahudumia umma. Uingereza hata Wizara ya Ulinzi hulipia sehemu ya masafa yake, na hiyo imeipa sababu ya kuachia isiyoyahitaji. Nasi tufanye hivyo: fedha zitatoka mfuko mmoja wa serikali kwenda mwingine, lakini kila taasisi italazimika kuonyesha masafa iliyoshika inayafanyia nini.